Dola 8,000 za Ogden: akina Browning walipunjwa kweli?

Kila inapotajwa bunduki ya Winchester ya mwaka 1885, ile ya risasi moja moja ambayo wakusanyaji wa silaha za kale Marekani wanaigombania mpaka leo, lawama hufuata palepale: Winchester, kampuni kubwa ya New Haven, Connecticut, iliwanyonya mafundi wa Ogden, mji mdogo wa Utah. John Moses Browning aliibuni, akapata hataza, yaani haki ya kisheria ya ubunifu wake, mwaka 1879, kisha mwaka 1883 akauza haki zote kwa dola 8,000, bila mrabaha, yaani malipo kwa kila bunduki itakayouzwa. Winchester ikaitengeneza hadi mwaka 1920, na idadi ikafika karibu bunduki 140,000. Ukigawanya, akina Browning waliambulia chini ya senti 6 kwa kila bunduki, ilhali dukani kwao Ogden walikuwa wakiiuza dola 25.

Hesabu hiyo ni sahihi, na inauma. Tatizo lake ni kwamba inaanzia mwisho na kurudi nyuma. Inachukua mauzo ya miaka 35 ya kiwanda kikubwa na kuyafanya hasara ya karakana moja ya kifamilia. Halafu wanaowahurumia ndugu hawa wanawashusha hadhi bila kukusudia, maana wanawafanya washamba waliotoa mali bila kujua thamani yake. Kwa niyajuayo kuhusu ukoo huu, siwezi kukubali.

Baba yao, Jonathan Browning, alikuwa fundi bunduki aliyehama na Wamormoni, waumini wa dhehebu lililoanzia Marekani, kutoka Nauvoo, Illinois, akafika Utah mwaka 1852. Wakati wengi bado wanashindilia baruti kwenye gobore, yeye tayari alikuwa ametengeneza bunduki ya kupiga mara kadhaa mfululizo, risasi zikiwa zimepangwa kwenye kipande cha chuma kinachosukumwa kutoka ubavuni. Alifariki mwaka 1879, mwaka uleule hataza ya mwanawe ilipotoka. John alikuwa na miaka 24. Karakana ikabaki kwake, kwa mdogo wake Matthew na kwa ndugu zao wa baba mmoja, Ed, Sam na George.

Bunduki yenyewe ni kazi ya kichwa kilichotulia. Ukivuta chini mkono wa chuma uliozunguka kifyatulio, kipande kizima kinachoziba nyuma ya mtutu kinashuka, nyundo ikishuka pamoja nacho, na ganda lililotumika linachomolewa. Unaingiza risasi nyingine kwa kidole, unarudisha mkono juu, na kile kipande kinapanda kwenye mifereji yake mpaka kinaziba kabisa. Vipuri ni vichache na chuma ni kinene. Ndiyo maana iliwakosesha usingizi watu wa New Haven: bunduki zao za kupiga mfululizo za wakati ule hazikuweza kutumia risasi kubwa ya jeshi, ile ya .45-70, na hii ya Ogden iliimudu.

Sasa turudi kwenye zile senti 6, kwa sababu ndipo shauri zima linaposimamia. Kabla ya kuuza, akina Browning walikuwa wametengeneza bunduki kama 600 kwa takriban miaka mitatu. Ni 200 kwa mwaka. Kwa mwendo huo, kuzifikia 140,000 kungewachukua miaka 700. Kwa hiyo bunduki zinazodaiwa kuwa walidhulumiwa hazikuwapo, wala zisingekuwapo bila kiwanda, mitambo na mawakala wa Winchester. Kilichokuwapo mwaka 1883 ni T. G. Bennett, mkwe wa marehemu Oliver Winchester, mwanzilishi wa kampuni, aliyesafiri mwenyewe hadi Ogden na kutaja dola 8,000. Hizo ni sawa na bei ya dukani ya bunduki 320, kabla hujatoa gharama ya chuma, mbao na mkaa. Ndugu hawa walipewa zaidi ya nusu ya thamani ya kazi yao yote ya miaka mitatu bila kupiga tupa hata mara moja. Jambo hili ni nadra kulisikia kwa wanaolalamika.

Tena John hakuwa mtu wa kutengeneza kitu kilekile kila siku. Mwaka uliofuata tu, hataza ya bunduki ya kupiga mfululizo yenye kuhimili risasi kubwa ilishatoka, ikawa Winchester ya mwaka 1886. Zikafuata ya 1892, ya 1894, na ya 1895 ambayo Theodore Roosevelt, rais wa zamani wa Marekani, aliwapigia simba alipokuja kuwinda Afrika Mashariki mwaka 1909. Angebaki amefungwa kwenye tupa na jiliwa la Ogden, sidhani kama tungeziona zote hizo.

Upande wa pili una hoja, na mbili kati yake ni nzito. Ya kwanza ni jina: maandishi ya ndugu wa Browning wa Ogden yalitoka kwenye mtutu, na mnunuzi wa kawaida akaamini kwamba Winchester ndiyo iliyobuni. Ni kweli William Mason wa Winchester aliirekebisha kabla haijaingia sokoni, lakini wazo halikuwa lake. Ya pili inanisumbua zaidi. Katika miaka 19 ya ushirikiano huo, Winchester ilinunua kwa John miundo zaidi ya 40, na iliyoiingiza kiwandani ni takriban 10. Iliyobaki ilifungiwa kabatini, mingine ili tu isiangukie mikononi mwa washindani. Hapo siitetei kampuni.

Ila John huyohuyo, mwaka 1902, alipoleta shotgun inayojipakia yenyewe, alidai mrabaha. Bennett akakataa. John hakubembeleza, aliipeleka kwa kiwanda cha FN huko Herstal, Ubelgiji, na ikatengenezwa huko kwa miongo mingi. Winchester ilipokuja kutoa ya kwake mwaka 1911, ilikosa hata kishikizo cha kuvutia bolti, yaani kipande kinachoziba nyuma ya mtutu, kwa sababu hataza ya John ilikuwa imekifunga. Mnunuzi alilazimika kusukuma mtutu wenyewe kurudi nyuma.