Muulize kwanza aliona saa ngapi

Nikiwa na miezi minne kwenye kiwanda kimoja cha uchapaji, niliharibu kalenda za mteja. Rangi nyekundu ilikuwa imehama kidogo tu, kiasi cha uzi, ila tarehe za Jumapili zikawa kama zina kivuli. Niliona mapema, karatasi hazijafika hata mia. Sikusema neno. Wiki hiyohiyo mwenzangu alikuwa ametukanwa mbele yetu sote kwa kosa dogo kuliko hilo, nami nikaona heri liibuke lenyewe. Liliibuka zikiwa zimetoka 3,000.

Bosi alifoka mpaka sauti ikamkauka. Mshahara wangu ukakatwa. Tulichojifunza sote siku ile ni kuficha vizuri zaidi.

Aliyekuja baada yake alikuwa mama wa makamo, mpole wa sauti, mkali wa macho. Siku ya kwanza alituambia: "Ukiona kitu hukielewi, zima mashine, uniite." Tuliitikia tu; maneno kama hayo kila bosi mpya huja nayo. Siku chache baadaye nikazima. Akaja, akaikagua karatasi kwa lenzi, akaisogeza dirishani kwenye mwanga. Haikuwa na tatizo lolote. Macho yangu yalinidanganya, na dakika 20 za kazi zilikuwa zimekwenda. Nikasubiri yangu. Akasema, "Ahsante mwanangu. Siku nyingine ukiwa na shaka, zima tena."

Mimi humpima meneja hapo. Kumshukuru aliyegundua kosa la kweli ni rahisi. Kazi ni kumpokea vizuri aliyekuita bure, kwa sababu wenzake wote wanatazama, na palepale wanaamua kama na wao watakuita.

Wapo wanaoniambia kwamba wafanyakazi wetu ni wavivu, bila kukaripiwa hawaendi. Hao huwa nawapa kisa cha Fremont, California. Kiwanda cha magari cha General Motors pale kilifungwa mwaka 1982. Utoro ulikuwa umekithiri, uongozi na wafanyakazi hawaivi, na kusimamisha mstari wa uzalishaji lilikuwa jambo la kumtia mtu matatani. Mwaka 1984 kikafunguliwa upya kwa ubia na Toyota, kikaitwa NUMMI, na wengi walioajiriwa walikuwa walewale wa zamani. Mamia yao walipelekwa Japani kujifunza. Waliporudi, kando ya mstari kulikuwa na kamba: ukiona hitilafu unaivuta, kiongozi wa kikundi anakuja kukusaidia, na ikibidi mstari mzima unasimama. Haikuchukua muda magari yao yakakaribia ubora wa yale ya Japani, na utoro ukashuka sana. Mikono ileile!

Sina ubishi na vyeti na hundi za mfanyakazi hodari kila Mei Mosi, vinatia moyo. Ila cheti huja mara moja kwa mwaka, na mashine inazunguka kila siku.

Mwezi ule, baada ya ile ahsante, nilizima mashine mara tatu. Mara mbili hapakuwa na kitu. Ya tatu zilikuwa kadi za harusi, na jina la bibi harusi lilikuwa limekosa herufi moja. Zilikuwa zimetoka karatasi 12.