Lheureux na hati za Emma: lawama yote ni ya mkopeshaji?

Katika Madame Bovary, riwaya ya Gustave Flaubert iliyotoka kama kitabu mwaka 1857, mfanyabiashara Lheureux anaingia kwa Emma, mke wa tabibu Charles Bovary, mgongo umeinama, adabu tele. Anatandaza skafu tatu za Algeria, sindano za Kiingereza, ndara za majani, na vikombe vinne vya kuwekea mayai ambavyo wafungwa wamevichonga kwa vifuu vya nazi. Emma hanunui. Lheureux hakasiriki. Akikaribia kuondoka anamwambia taratibu kwamba pesa si kitu, hata yeye angempa akihitaji. Kisha anamuulizia hali mzee Tellier, mwenye mkahawa. Kurasa kadhaa mbele tunasikia Tellier anauziwa mali, na aliyemfikisha hapo kwa hati za deni ni Lheureux.

Wasomaji wengi wanamwita kupe na kumaliza. Lakini upande wake una hoja, na tusiipite haraka. Hakuna aliyemshika Emma mkono akasaini. Vitu alivyouziwa baadaye alivitaka, akavipokea, akavitumia. Siku anapokuja kumlilia, Lheureux anamuuliza kama alidhani angemuuzia na kumkopesha milele kwa ajili ya Mungu tu. Jibu Emma hana, na mimi nikisoma hapo huwa nakwama. Balzac naye, mwandishi mwingine wa Kifaransa, alikwenda mbali zaidi: Gobseck, mkopeshaji wake wa Paris, anapewa nafasi ya kujieleza kwa kirefu, na ndiye anayemtunzia mtoto wa ukoo wa Restaud urithi uliokuwa unatapanywa na mama yake. Tena Gobseck amepewa mama Myahudi, na Lheureux anamtuliza mteja kwa kusema “sisi si Wayahudi”. Chuki hiyo ya zamani dhidi ya Wayahudi imo katika riwaya hizi, na anayemlaani mkopeshaji aangalie asiibebe pamoja na laana yake.

Hata hivyo, kwangu Lheureux ana hatia, na hatia yenyewe haimo katika kukopesha. Sheria ya Ufaransa ya 1807 ilifunga riba kwenye asilimia 5, na 6 kwa mikopo ya biashara. Yeye anaizunguka. Hati ikiiva na pesa hakuna, anaandika nyingine kubwa zaidi, kamisheni yake ikiwa ndani. Kisha anazihamishia kwa Vinçart, mwenye benki wa mji wa Rouen, ili siku ya kudai aseme anayebana si yeye. Na kwa kuwa mke hakuweza kisheria kujifunga kwa deni bila idhini ya mume, ni Lheureux huyohuyo anayemtia Emma wazo la kumtaka Charles hati ya uwakala, ili asaini kwa niaba yake. Tanzania mikopo ya namna hii inaitwa kausha damu, na aliyewahi kuibeba anaujua mchezo: mkopeshaji haombei ulipe, anaombea uongeze muda. Emma alikuwa mzembe. Lheureux alikuwa na mpango.

Hukumu inapofika ni faranga 8,000, ndani ya saa 24. Emma anakula sumu ya panya ya mwenye duka la dawa. Charles naye anakufa baadaye. Kila kitu kikishauzwa zinabaki faranga 12 na senti 75, nauli ya kumpeleka binti yao Berthe kwa bibi yake. Bibi anafariki mwaka huohuo, na shangazi anayemchukua anampeleka mtoto kiwanda cha pamba kutafuta riziki.