Kisu cha mashoto kwa mhitimu

Jumapili iliyopita tulikaa kikao cha familia Ngamiani, Tanga, nyumbani kwa dada yangu, kupanga mahafali ya bintiye wa mwisho anayemaliza stashahada ya kilimo. Keki ilishapata mtu, sare za kina mama zilishapata mtu, maturubai na viti vilishapata mtu. Ilipofika zamu yangu mie mjomba, nikasema nitampa kisu cha kukunja. Si cha dukani, ni cha kuagiza kwa fundi, kilichopimwa kwa mkono wake. Pakawa kimya. Shangazi yake akaweka kikombe chini, akaniangalia. "Mjomba, mtoto wa kike unampa kisu? Tunamtuma kazini au machinjioni?"

Wengi pale walikubaliana naye, na najua wengi nje ya kikao kile wangekubaliana naye pia. Kwa hiyo hoja zake nazianza mimi, kabla ya zangu.

Kisu hakina jina zuri mjini. Kijana akikaguliwa usiku akakutwa nacho mfukoni, kinaonekana kwanza kisu, yeye na maelezo yake baadaye. Methali tuliyolelewa nayo, mtoto akililia wembe mpe, maana yake mwache ajikate apate funzo. Si methali ya zawadi. Hata Ulaya na Marekani, ambako watu hupeana visu, wapo wanaoamini kwamba kisu cha bure hukata urafiki, ndiyo maana mpokeaji humpa mtoaji sarafu moja ionekane amekinunua. Hofu hii si ya Tanga peke yake.

Kuna na hoja ya fedha, nayo ni nzito kuliko ya mikosi. Mhitimu wa leo hatoki kwenye joho akaingia ofisini. Atatoa kopi za vyeti, atalipa nauli ya kwenda kwenye usaili Dodoma na kurudi, na pengine atakwenda mara tatu kabla ya kuitwa. Visu vya kukunja vya kuagiza kwa mafundi wenye jina huko nje huuzwa mamia ya dola, na vingine hupita elfu. Mtu akiniambia fedha hiyo itiwe kwenye bahasha, simwoni mjinga.

Hoja ya heshima ndiyo siipokei. Mtu wa pwani ana siku mbili kubwa za kuvaa joho, arusi yake na mahafali yake. Siku ya arusi bwana harusi hutoka na joho, kilemba na jambia kiunoni, wazee wakashukuru Mungu na akina mama wakapiga vigelegele. Hakuna anayenong'ona kwamba kijana kaja na silaha. Shangazi akanijibu kwamba huyo ni mwanamume. Sawa, lakini kisu cha kila siku katika nyumba zetu kiko mkononi mwa nani? Binti huyu anaparua na kutumbua samaki tangu ana miaka tisa, na hatukuwahi kuitisha kikao kwa ajili hiyo.

Na huu ni mji gani hasa unaoona haya kutaja kisu? Mkonge uliletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, ikapona miche 62 tu, na kutoka kwenye miche hiyo yakazaliwa mashamba yaliyoijenga Tanga. Kila jani la mkonge ule lilikatwa kwa mkono, jani moja moja, mwiba ukaondolewa kwa kisu. Babu zetu waliokuja huku kutafuta kazi walikuja kushika kisu.

Lakini hayo ni ya heshima, na mimi sikuwaza heshima nilipofikiria zawadi hii. Niliwaza michungwa.

Anayekula machungwa ya Muheza huenda hajui kwamba mti ule ni miti miwili. Chini kuna mlimau, unaovumilia udongo usio mzuri. Juu kuna mchungwa. Kuiunganisha ndiko kunaitwa kubebesha, na ndiyo kazi ambayo mtoto huyu anaipenda na anataka kufungulia kitalu. Mche wa mlimau ukifika unene wa penseli unachanja ganda lake kwa umbo la herufi T, mchano wa wima usiozidi sentimita tatu. Unainua ganda taratibu, unachomeka jicho, yaani chipukizi ambalo halijachomoza, ulilolibandua kwenye tawi la mchungwa, unafunga nailoni. Baada ya wiki tatu hivi unafungua. Jicho likiwa bado kijani, umepata mti. Likiwa jeusi, jicho limekufa, unaanza upya kwenye mlimau uliokaa nao miezi.

Kila kitu kipo katika kulibandua jicho lile. Linataka lipite kisu mara moja, mpito mmoja mrefu, uso ubaki laini kama ulipigwa pasi. Kisu kikisita katikati panabaki ngazi, ngazi inaacha upenyo, upenyo unaingiza hewa na maji, na ule utando mwororo chini ya ganda unakauka kabla haujashikana na mwenzake.

Kwa sababu hiyo visu vingi vya kubebeshea hunolewa upande mmoja tu. Upande wa pili ni bapa tupu, unalala juu ya mti na kuongoza makali. Sasa, upande upi? Kisu cha kawaida kimetengenezwa kwa mkono wa kulia. Mpwa wangu ni wa mashoto. Akikishika kisu kile kwa mkono wake, upande ulionolewa unageuka ukawa ndio unaolalia mti, na makali badala ya kuteleza yanapotea njia. Likizo moja alikuja kwangu Pongwe, akabebesha miche sita nyuma ya nyumba. Alianza na kisu nilichomnunulia sokoni, akakiweka chini baada ya mche wa pili, akamalizia na nusu ya wembe uliofungwa karatasi upande mmoja. Nilikaa naye nikaangalia. Kila alipobandua jicho aliligeuza juani, akaona ngazi, akauma mdomo. Ikashika miche miwili kati ya sita. Aliniambia neno ambalo sijalisahau: "Mjomba, kisu hiki kinaniendesha, mie sikiendeshi."

Hilo ndilo ninaloona halieleweki katika mjadala huu. Watu wakisikia kisu cha kuagiza wanafikiria nakshi, jina lililochongwa, ubishoo. Kuagiza ni kupimwa, kama unavyopimwa kwa fundi cherehani. Visu vya mashoto vya kiwandani vipo duniani, ila kwenye maduka yetu ya pembejeo sijawahi kukutana nacho. Fundi anayekitengeneza kimoja kimoja hana sababu ya kunoa upande ambao kila mtu ananoa.

Kilichonisumbua zaidi ni chuma. Kwanza nilimwendea mhunzi wetu, na nilitaka sana kazi ibaki hapa. Mafundi wetu hutengeneza mapanga na visu kwa springi za gari, wanazipasha moto, wanazifua, wanazichovya kwenye oili chafu, na makali yake ni makali kweli. Kwa kisu cha shambani chenye ala nisingetafuta kwingine. Ila springi ya gari ina krome kidogo tu, kama asilimia moja au pungufu. Chuma kisichoshika kutu kirahisi kinahitaji krome kama asilimia 10.5 au zaidi, na cha aina ya 440C, kinachopendwa sana kwenye visu, kina 16 hadi 18.

Kwa nini nimeng'ang'ania kutu? Upepo wa bahari ni sehemu tu ya sababu. Sehemu kubwa ni jiki. Michungwa ina ugonjwa unaoitwa eksokotisi, unaoletwa na kijidudu kidogo kuliko hata kirusi, nao husafiri kwa macho ya mti mgonjwa na kwa kisu. Unakata tawi kwenye mti mgonjwa ambao kwa macho hauna neno, unahamia mche wa pili, wa tatu, na kufika jioni umeambukiza kitalu chako kwa mkono wako mwenyewe. Spiriti haikisaidii kisu hicho vya kutosha. Jiki iliyochanganywa na maji ndiyo inayokivunja kijidudu kile. Kwa hiyo mbebeshaji makini huchovya kisu kwenye jiki kila anapohama mti wa kukatia macho, na kwa siku ni mara nyingi mno. Chukua bapa la springi, lichovye hivyo asubuhi hadi alasiri, halafu lifunge ndani ya mpini bado lina unyevu. Wiki moja inatosha kuona madoa ya kahawia pale kwenye pini ya kukunjia, mahali ambapo kitambaa hakifiki. Hata krome nyingi haitoshi bila kusuuza kwa maji safi na kupangusa, maana jiki hula kila chuma usipoiondoa. Lakini kati ya chuma kinachokusamehe ukisahau siku moja na kile kisichosamehe, mwenye kitalu anakihitaji kinachosamehe. Nimewaza jambo hili usiku kuliko nilivyowaza bei. Ningempa mtoto kisu kizuri kinachomfanya aogope jiki, ningekuwa nimempa ugonjwa wa michungwa kwenye kisanduku cha zawadi.

Na 440C haikomazwi kwa mkaa na jicho la fundi. Inataka joto la zaidi ya nyuzi 1,000 lililotulia, kwenye tanuri lenye kipimo. Mhunzi wangu ndiye aliyeniambia, bila kinyongo: "Hicho ukinipa mie nitakuharibia." Ndipo nikatazama Afrika Kusini, ambako kazi hii imekomaa muda mrefu. Chris Reeve, mmoja wa mafundi wenye jina kubwa duniani, alianzia kule kabla ya kuhamia Idaho, Marekani, mwaka 1989, na kisu chake cha kukunja kinachojulikana kuliko vyote alikiita Sebenza, neno la Kizulu lenye maana ya kufanya kazi. Bei yake siiwezi, na si kisu cha kubebeshea. Jina ndilo lililonikaa.

Kufunga na kufungua kulitaka uamuzi wake. Vipo visu vyenye springi ya mgongoni tu, vinavyokunjika ukivisukuma kwa nguvu. Vipo vyenye kizuizi cha bati ndani ya mpini, ambavyo havikunjiki mpaka ukisogeze kwa kidole gumba. Hivi vya pili ni salama zaidi kwa vidole, ila mara nyingi bati lile limewekwa kwa gumba la kulia, kwa hiyo la mashoto ni la kuagiza nalo. Nimechagua chenye kizuizi, kwa kuwa anasukuma kisu kuelekea kwenye gumba lake siku nzima. Angekuwa mtoto anayekwenda kusoma Uingereza ningechagua cha springi tupu, maana sheria ya kule ya 1988 inaruhusu kubeba bila sababu maalumu kisu cha kukunja kisichojifunga chenye makali yasiyozidi inchi tatu, na kinachojifunga lazima uwe na sababu nzuri. Rangi ya mpini nimeomba ya chungwa. Mpingo ni mzuri mno, lakini ukidondoka kwenye udongo mweusi wa kitalu jioni huuoni.

Kuhusu polisi, shangazi ana haki, na jibu langu ni la kawaida tu. Kisu kikae kwenye mkoba wa kazi pamoja na nailoni, chupa ya jiki na kitambaa. Mfukoni kisiingie, harusini kisiende. Kwenye ndege kiwe ndani ya begi la chini. Kisu kilichokunjwa katikati ya vifaa vya kubebeshea kinajieleza chenyewe kuliko kisu cha wazi kilichoviringishwa gazeti.

Na simwambii kila mzazi akaagize kisu. Mhitimu wa uhasibu atakiweka kabatini. Kijana wa kidato cha nne bado anajifunza hasira zake. Mwenye mhitimu asiyejua atakula nini mwezi ujao ampe fedha, tena haraka. Kwa huyu wetu nimekubali nusu ya shauri la shangazi: nitatoa na bahasha, na kisu sitakitoa mbele ya watu akiwa na mashada shingoni. Nitampa nyumbani, baada ya wageni kuondoka. Shangazi naye amekubali kutolisema tena neno machinjio.

Alitaka pia iwe ghafla, mtoto asijue. Hapo sikukubali. Huwezi kumpima mtu bila kumwambia. Jumatano jioni mpwa wangu alipita kwangu, akanipa shikamoo, nikamwekea karatasi mezani nikamwambia aweke mkono wa kushoto, vidole vikiwa vimetawanyika kidogo. Nikazungusha penseli. Akauliza cha nini, nikamwambia. Akanyamaza kidogo, halafu akageuza kiganja juu akanionyesha sugu ndogo chini ya kidole cha shahada. "Mwambie fundi hapa pasiwe na kona."