Gari limekaguliwa, tajiri je?

Mwezi wa tatu, huku Uingereza, gari langu lilifeli ukaguzi kwa sababu ya taa ya namba. Breki zilikuwa nzima na injini haikuwa na neno. Iliyoniponza ni ile taa ndogo kama punje ya hindi inayomulika kibao cha namba kwa nyuma usiku, na balbu yake haifiki pauni tatu. Mkaguzi, mtu wa makamo mwenye tochi kifuani, alinionyesha kwa kidole, akaandika, akanipa karatasi. Nikamwambia balbu ya akiba ninayo, nipe dakika mbili tu. Akatabasamu kwa adabu zao zile, akasema nipange siku nyingine.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi, leseni ya gari ilikuwa inaisha usiku ule ule, na nafasi ya karibu iliyopatikana ilikuwa Jumanne. Basi Ijumaa, Jumamosi na Jumapili, siku ambazo sisi tunaobeba abiria kwa programu ya simu ndiyo tunaona hela, gari lililala nje na mimi nikalala ndani.

Nimetoka Tanga, Makorora, na huu ni mwaka wangu wa 11 Uingereza. Kwenye misiba na harusi zetu za huku, ukileta kisa kama hiki lazima atokee mmoja wa kukuambia: "Ndiyo maana wenzetu wameendelea. Wana nidhamu. Sisi kule hatuna ukaguzi, hatuna nidhamu, mtu anatembeza jeneza barabarani." Wengine wanatikisa kichwa, pilau inaendelea kuliwa. Mimi hilo neno la nidhamu siku hizi linanikera, na nitaeleza kwa nini.

Kwanza, wasiojua wajue kazi ilivyo. Nje ya London, anayetaka kubeba abiria kwa programu anashughulikiwa na halmashauri ya mji wake, kwa sheria ya mwaka 1976. Leseni zinazohitajika ni tatu: ya dereva, ya gari, na ya kampuni inayotoa safari. Dereva wanamchimba maisha yake yote, polisi na daktari, hilo tulipite. Gari ndiyo habari. Gari la mtu binafsi linaanza kukaguliwa likifikisha miaka mitatu, halafu kila mwaka. Letu sisi halmashauri ikitaka inaweza kuliita hata mara tatu kwa mwaka.

Na wanapima kweli. Kashata za tairi, yaani meno yake, lazima zibaki na kina kisichopungua milimita 1.6 katika robo tatu ya katikati ya tairi, mzunguko mzima. Ukikamatwa chini ya hapo, faini inaweza kufika pauni 2,500 na pointi tatu kwenye leseni, kwa tairi moja. Ziwe mbovu nne, piga hesabu mwenyewe. Kioo cha mbele kikiwa na doa la jiwe linalozidi milimita 10 mbele ya macho ya dereva, umefeli. Kila Jumapili jioni nachuchumaa mbele ya gari na sarafu ya peni 20, naichomeka katikati ya kashata. Ile duara ya pembeni ya sarafu ikizama isionekane, tairi bado. Ikichungulia, naanza kutafuta hela ya tairi. Mke wangu akiniona ananiambia gari linapata mapenzi kuliko yeye.

Sasa twende nyumbani.

Desemba nilishuka Kange, stendi ya Tanga, jioni, basi la Dar. Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu mkubwa, alikuja kunipokea na bajaji anayoendesha. Shikamoo mjomba, marahaba, mabegi nyuma, tukaondoka. Mpaka tunaingia Ngamiani mimi nilikuwa nafurahia upepo tu. Anayeijua Ngamiani anajua: barabara zimepewa namba, ya kwanza mpaka ya 21, kila baada ya hatua chache ni njia panda, na kila njia panda ina baiskeli. Ya kwanza ilipotukatia mbele, nikaona mguu wa kijana unapanda na kushuka kama fundi cherehani.

"Mbona unapampu?"

"Mjomba, hii lazima uibembeleze. Ukikanyaga ya kwanza inasikia, ya pili inafikiria, ya tatu inashika."

Nikacheka. Njia panda ya tatu nikaacha kucheka, nikashika chuma.

Kwenye kioo, stika ya Nenda kwa Usalama, ile ya ukaguzi wa polisi, ilikuwepo, ya mwaka ule ule, hai kabisa. Na kabla hujafikiria vibaya: mpwa wangu anasema siku ilipokaguliwa breki zilikuwa nzima, na mimi namwamini. Miezi imepita, abiria watatu watatu, mchanga, chumvi ya bahari, breki imekwisha. Stika ni picha ya siku ile. Hata cheti changu cha Uingereza ni hivyo hivyo, hakisemi kitu kuhusu kesho. Kwa hiyo wanaosema nyumbani hakuna ukaguzi hawajui wanachosema. Sheria ya Usalama Barabarani ni ya mwaka 1973, askari wakaguzi wa magari wapo, LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, wapo na leseni zao, na mabasi ya mikoani yamefungwa vifaa vya kufuatilia mwendo. Kukagua tunakagua.

Nilipomuuliza kwa nini hatengenezi, hapo ndipo somo lilipoanza.

"Nimemwambia tajiri. Kasema mwisho wa mwezi."

Kwa msomaji ambaye hajakaa kijiweni: tajiri ndiye mwenye chombo. Mpwa wangu anampelekea hesabu ya elfu 15 kila siku, mvua inyeshe, jua liwake. Akiipeleka bajaji kwa fundi nusu siku, hesabu iko pale pale. Akisimamishwa barabarani, faini ya papo kwa papo kwa bodaboda na bajaji ni elfu 10, tangu iliposhushwa kutoka elfu 30 mwaka 2021, na anayeilipa ni yeye aliye kwenye usukani. Weka hizo namba mbili pamoja. Kupigwa faini ni nafuu kuliko kusimama. Na tajiri mwenyewe hajawahi kupanda ile bajaji, ana gari lake, breki yake inashika mara ya kwanza.

Sasa huyo kijana ndiye tunayemwambia hana nidhamu?

Mimi mwenyewe, kabla sijapata hata pasi ya kusafiria, nilikuwa deiwaka, dereva wa kushikishwa gari la mtu kwa siku. Kuna Jumamosi jamaa alinipa gari lake nipeleke watu Muheza, msibani. Tairi ya nyuma kulia ilikuwa kipara mpaka nyuzi zimeanza kuchungulia, naikumbuka ilivyokuwa inang'aa kama kisogo cha mzee. Niliiona. Niliizunguka mara mbili, nikaingia, nikawasha. Watu saba ndani, kurudi tukaongeza na gunia la machungwa. Kama ingepasuka pale mbele ya Pongwe nisingekuwa hapa naandika. Basi mtu yule wa Muheza na huyu anayechuchumaa na sarafu Jumapili ni mmoja. Sikubadilishiwa damu uwanja wa ndege. Kilichobadilika ni kwamba gari la huku ni langu, ingawa la mkopo, na likifeli ninayeumia ni mimi yule yule mwenye uwezo wa kulitengeneza.

Ushahidi nilikuja kuuona kijiweni kwa mpwa wangu, si Ulaya. Pale wapo kama 12 hivi. Wawili bajaji zao ni za mkataba: unampelekea tajiri kila siku, muda mlioandikiana ukiisha, chombo kinakuwa chako. Mmoja wao ana kitambaa cha kufutia kioo na kingine cha kufutia kitambaa. Breki kabadilisha zote tatu kwa hela yake, tena kabla hazijalia. Kila asubuhi anainama kuangalia oili. Alisoma shule moja na mpwa wangu, wanakula kwenye kibanda kimoja, wanashabikia Coastal Union wote wawili, wanaumia pamoja. Nidhamu imemwingilia wapi huyu mmoja ikamruka mwenzake? Ameanza kuiona bajaji kama yake, basi.

Ndiyo maana nasema ukaguzi wetu unamkagua mtu asiye sahihi. Dereva anasimamishwa, dereva anapigwa faini, dereva anaonekana mhuni. Tajiri jina lake liko kwenye kadi ya chombo, lakini siku ya ukaguzi hayupo, siku ya faini hayupo, na siku ya ajali analeta mkono wa pole.

Huku nako msidhani hatuna tajiri. Tunaye, tena hana sura, ni programu. Tarehe 19 Februari 2021 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kwamba madereva wa Uber waliofungua kesi si watu waliojiajiri, wana haki ya kima cha chini cha mshahara na malipo ya likizo. Tulishangilia, na ilikuwa haki kushangilia. Lakini tairi ni yangu, bima ni yangu, ada ya ukaguzi ni yangu, na zile siku nne za taa ya namba zilikuwa zangu peke yangu. Leseni ilipoisha simu ilinifungia saa sita usiku, bila "pole" wala "vipi". Tajiri wa Tanga, pamoja na ubahili wake, unaweza kumfuata kwake baada ya sala ya Isha, ukamkuta barazani na kahawa, ukamlilia, akakuachia hesabu ya siku mbili. Mimi nimlilie nani? Nililia na kitufe cha msaada, kikanijibu kwa mashine.

Kwa hiyo sitaki tuhamishe kila kitu cha huku. Kuna kimoja tu ninachokitamani, na hakihitaji mitambo wala mkopo wa nje. Uingereza ukiandika namba ya gari lolote kwenye tovuti ya serikali, bure, historia yake ya ukaguzi inatoka kuanzia mwaka 2005: lilipita lini, lilifeli kwa nini, lilikuwa limetembea maili ngapi. Ile taa yangu ya namba imo humo, jirani yangu akitaka anaisoma leo usiku. Nikitaka kuuza gari, mnunuzi ameshanijua tabia kabla hajanipigia. Linganisha na sisi tunavyonunua: "Kaka, gari la mama mmoja mwalimu, lilikuwa la kanisani na sokoni tu, injini haijaguswa." Huyo mama mwalimu kauza magari mangapi nchi hii?

Hapa wapo watakaoguna kwamba sisi bado hatujafika huko. Tumefika zamani. Chukua simu sasa hivi, uandike namba ya usajili kwenye mfumo wa polisi, utaona kama chombo kinadaiwa faini ya barabarani. Wote tunautumia, hasa kabla ya kununua. Yaani tumeweza kuonyesha deni. Tuongeze mstari mmoja: mara ya mwisho kimekaguliwa lini, na kilikutwa na nini. Na huo ubovu usomeke kwa mwenye chombo, umfuate yeye akienda kuombea leseni chombo kingine. Tajiri mwenye bajaji sita, zote zimeandikwa breki mbovu, aonekane yeye, si vijana sita. Ninavyowajua matajiri wetu, breki zitapatikana kabla ya mwisho wa mwezi.

Nimesema sana, acha niseme na hili, maana dada yangu anasoma na ataniumbua. Kabla sijarudi tulikaa uani, yeye, mimi na mpwa wangu, tukakubaliana ninunue bajaji, kijana aendeshe kwa mkataba. Jambo jema, wote tumefurahi, mkate wa kumimina unakatwa. Nikafungua daftari. Swali langu la kwanza lilikuwa kwa siku ataniletea ngapi. La pili, kama siku za sikukuu nazo zinahesabika. La tatu, ikilala kwa fundi hesabu inakuwaje. Dada ndiye aliyenikatiza:

"Na breki je, bwana tajiri?"

Nikafuta ukurasa mzima. Tukaandika upya: mwaka wa kwanza tairi na breki ni juu yangu, siku ya fundi haina hesabu, na kila mwisho wa mwezi ananitumia picha za tairi zote tatu kwa karibu. Nilimwachia na sarafu ya peni 20. Ya kwanza kuja ilikuwa picha ya tairi ya mbele, sarafu imezama vizuri, chini yake ujumbe wa sauti: "Mjomba, tairi zote ziko poa. Sasa nilikuwa naulizia, hivi spika ya muziki inaingia kwenye breki au nijinunulie mwenyewe?"