Friji la mtumba na mpaka wa uniti 75

Tangu mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere uwashwe Februari 2024, ukizungumzia matumizi bora ya umeme hapa Mwanza unajibiwa haraka: si umeme umejaa? Rufiji kuna megawati 2,115, mgao wa mwaka 2023 umeshasahaulika, sasa ya nini kumsumbua mwananchi na friji lake?

Hoja hiyo ina uzito. Nchi yetu bado inahitaji watu watumie umeme zaidi, waache mkaa na koroboi. Kumhubiria kubana matumizi mtu mwenye taa tatu na redio ni kumwonea.

Lakini mtu wa Igoma, mtaa wa hapa Mwanza, halipi megawati, analipa uniti. Na kwenye uniti kuna mpaka ambao wengi wanaujua kwa maumivu. Mteja wa nyumbani mwenye matumizi madogo hulipa shilingi 100 kwa uniti, kabla ya kodi na tozo, mradi asizidi uniti 75 kwa mwezi. Akizoea kuzidisha anahamishiwa kwenye bei ya kawaida, shilingi 292.

Chukua friji kuukuu la mtumba linalokula uniti mbili kwa siku. Kwa mwezi ni uniti 60. Ongeza taa, televisheni na pasi, tuseme uniti 20, jumla 80. Kwa bei ya kawaida hiyo ni shilingi 23,360. Nyumba hiyohiyo ikiwa na friji linalokula uniti 0.8 kwa siku itatumia uniti 44, na ikiwa kwenye bei ya chini italipa shilingi 4,400. Kinachotenganisha nyumba hizi mbili ni kompresa na mipira ya mlango. Anayeumia zaidi ni mama anayegandisha barafu za ubuyu akiuzia watoto wa shule, kwa sababu friji kwake ni mtaji.

Ndiyo maana wapo wanaotaka mafriji ya mtumba yazuiwe bandarini. Ghana ilifanya hivyo mwaka 2013. Naielewa hamu hiyo: Ulaya inayatoa majumbani mwake kwa sababu yanakula umeme, sisi tunayanunua na kulipia ulaji huo miaka kumi mingine.

Hata hivyo, kaa na fundi friji nusu saa utasikia upande mwingine, na mimi siwezi kuupuuza. Friji la zamani likiharibika analifungua, anabadili rilei, anajaza gesi, jioni linagandisha. Friji jipya la inveta, linaloongozwa na bodi ya kielektroniki, likiungua bodi hiyo, mara nyingi spea haipatikani mjini na mwenye nalo anabaki na kabati la kuwekea vyombo. Na bodi zinaungua kweli, maana kuna mitaa ambayo saa moja usiku umeme unashuka mpaka feni inajizungusha kwa shida, kisha unarudi kwa kishindo. Mtu aliyeshuhudia jirani yake akipoteza friji hivyo ana haki ya kuchagua la mtumba. Kwa hiyo kuimarisha laini na transfoma za mitaani ni sehemu ya matumizi bora ya nishati, ingawa sera zikitajwa watu hufikiria vifaa vya mteja peke yake.

Huku Ziwa Victoria mabadiliko yamekuja kwa njia nyingine. Wavuvi wa dagaa waliokuwa wakiwasha karabai usiku wa giza wengi wamehamia taa za LED za betri na sola. Hesabu ya mafuta ya taa ilitosha kuwashawishi. Taa ni nafuu, inakufa moja unanunua nyingine. Friji ni laki kadhaa kwa mkupuo, na hapo ndipo mfano wa karabai unapokoma.

Kwa maoni yangu, marufuku ikitangulia itampokonya mama wa barafu chombo cha kazi kabla hajapewa kingine. Kianze kibandiko kinachosema kwa Kiswahili friji linakula uniti ngapi kwa mwezi, kwenye jipya na la mtumba pia, na mkopo wa kubadilisha. Ghana yenyewe haikuishia kwenye kuzuia: ilitoa punguzo kwa aliyerudisha friji kuukuu akachukua jipya. Njia ya kukusanya marejesho tunayo. Kodi ya majengo inakatwa kwenye LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, tangu 2021, kidogo kidogo, kila mwezi. Mama yule, akiacha friji la uniti mbili na kurudishwa kwenye bei ya chini, anabakiwa na karibu shilingi 19,000 kila mwezi. Rejesho la shilingi 15,000 lingekatwa humohumo, na bado angebaki na cha kununulia ubuyu.