Msisahau mgandamizo

Makala yenu inaeleza kuwa glioblastoma, aina ya saratani ya ubongo, hukua kasi kwa sababu ya jeni zilizoharibika, kama ile ya EGFR, inayohusika na kuiamuru seli igawanyike. Ni kweli, ila nusu ya habari imeachwa. Fuvu halitanuki. Uvimbe ukikua humo ndani, tishu hubanwa na kukakamaa, na seli za saratani huuhisi ukakamavu huo kupitia protini iitwayo PIEZO1, kimlango kwenye utando wa seli kinachofunguka kikisukumwa na kuingiza kalsiamu. Hapo seli huchochewa kugawanyika zaidi, na tishu kuzidi kukakamaa. (Ardem Patapoutian, ambaye maabara yake iliigundua PIEZO1 mwaka 2010, alipata Nobel 2021.)

Mgandamizo huo nimeuona kwa shemeji yangu hapa Jinja. Kichwa kilimgonga alfajiri, akiinuka tu kitandani anatapika, mchana anapata nafuu. Kliniki ikamtibu malaria mara tatu, bila kipimo hata kimoja. Siku vidole vya mkono wa kulia viliposhindwa kufunga kifungo cha shati ndipo tukapanda teksi kwenda Kampala kupigwa picha ya CT. Mhariri, tafadhali ziandikeni na dalili hizo.