Gari limejiloki, na fundi keshataja kontroli boksi

Kuna kauli moja ambayo mwenye gari wa Mbeya huisikia mapema mno: "Bosi, kontroli boksi imekufa." Kontroli boksi ni kompyuta ya injini, na kauli hiyo huja kabla mtu hajashika hata mita ya kupimia umeme. Selfu inapiga vizuri, injini inazunguka, lakini haiwaki. Au inawaka kwa sekunde moja na kuzima. Fundi anainama, anainuka, anataja kontroli boksi, kisha anataja bei. Mimi nasema mara nyingi kontroli boksi inasingiziwa, na tuliowafundisha mafundi kusema hivyo ni sisi wenye magari.

Mtuhumiwa wa kwanza awe imobilaiza, yaani mfumo wa kuzuia gari lisiwashwe na ufunguo usio wake. Ndani ya kichwa cha ufunguo kuna chipu ndogo isiyo na betri. Ukizungusha ufunguo, koili, yaani mviringo wa waya uliolizunguka tundu la swichi, inatoa mawimbi ya masafa ya chini, kilohezi 125 hivi kwa magari mengi. Chipu inapata nguvu kutoka kwenye mawimbi hayohayo na kujibu kwa namba yake. Namba ikitambuliwa, mafuta na cheche vinaruhusiwa, isipotambuliwa, vinazuiwa. Kwenye Toyota nyingi selfu itaendelea kupiga kana kwamba hakuna kilichotokea, na hapo ndipo watu hupotea, wakaanza kununua plagi na pampu ya mafuta.

Kwa kuwa chipu haitegemei betri, betri ya rimoti kufa hakupaswi kukulaza njiani. Hata gari la kuwasha kwa kitufe, kanyaga breki, igusishe rimoti kwenye kitufe chenyewe, kisha bonyeza. Mengi yatawaka.

Kabla ya kumpigia fundi, tazama dashibodi. Magari mengi yana taa ndogo nyekundu, mara nyingi yenye picha ya gari na kufuli au ufunguo. Gari likiwa limezimwa, taa hiyo kumetameta ni kawaida. Ukiweka ufunguo na kufungua swichi, inatakiwa izimike. Ikiendelea kumetameta, gari halijautambua ufunguo wako. Hapo toa funguo nyingine zote kwenye shada, hasa zenye chipu za magari mengine, maana zinaweza kuvuruga usomaji. Kisha jaribu ufunguo wa pili. Wa pili ukiwasha, tatizo liko kwenye ufunguo wa kwanza. Zote zikikataa, koili ya swichi na waya zake zinaingia kwenye orodha, lakini itangulie betri.

Huku nyanda za juu betri ndiyo inayotuumbua. Asubuhi ya Juni au Julai pale Uyole, au Isongole kwenye ukungu, betri iliyozeeka inaweza kuzungusha injini huku volti zikianguka vibaya, na vifaa vya umeme vikashindwa kusomana. Betri nzima iliyojaa, gari likiwa limelala, inasoma volti 12.6 hivi. Wakati selfu inapiga, ikishuka chini ya 9.6 usiendelee kuwaza mambo makubwa. Chukua moto kwa jirani kwanza.

Halafu kuna hizi GPS za kufuatilia gari. Jirani yangu ana Noah inayobeba abiria wa Tukuyu. Ilikuwa ikizima na kukataa kuwaka, akaambiwa kontroli boksi, akaanza kutafuta hela. Taa ya dashibodi ilikuwa inazimika vizuri kabisa, yaani imobilaiza ya kiwandani ilikuwa imeridhika. Fundi mwingine alifuata waya wa pampu ya mafuta na kukuta rilei, yaani swichi ya umeme, ya kukatia gari kwa simu, iliyofungwa pamoja na GPS na kuviringishiwa utepe mweusi chini ya usukani. Ilikuwa imeungua. Kwa hiyo mtu akikuuliza gari lilifanyiwa nini hivi karibuni, usimjibu "hakuna". Redio mpya, alamu, GPS, vyote ni kazi ya waya, na vingi hupita hapohapo karibu na koili.

Nizitaje na tiba mbili za kijiweni. Ya kwanza ni kuchomoa tamino za betri "ili lisahau". Halisahau: namba za funguo zinakaa kwenye kumbukumbu isiyohitaji umeme. Ya pili ni kusukuma. Imobilaiza haijali injini imezungushwa na selfu au na vijana sita, na gari la otomatiki halikubali kabisa. Anayefikiria kuliachia kwenye mteremko wa Mlima Nyoka akumbuke kwamba injini ikizima breki inakuwa nzito.

Na kontroli boksi ya mtumba? Hapa ndipo pesa inapoteketea. Boksi iliyotolewa kwenye gari lenye imobilaiza inazijua funguo za gari lilikotoka. Ukiichomeka peke yake kwako, itaukataa ufunguo wako vilevile, na fundi atakuambia hiyo nayo ni mbovu. Lazima ije na ufunguo wake na vifaa vingine vya imobilaiza vya gari hilo, au mtaalamu aifanyie programu upya. Muulize muuzaji swali hilo uone anavyobadilisha mazungumzo.

Umoja wa Ulaya ulilazimisha imobilaiza kwenye magari mapya ya abiria kuanzia Oktoba 1998, lakini magari mengi ya Japani ya miaka ile, tunayoyaendesha mpaka leo, hayana kabisa. Kwa hiyo hakikisha kwanza unayo, kabla ya kulipia kuitengeneza. Kama unayo na ufunguo ni mmoja, ongeza wa pili leo. Ukiwa na ufunguo mkuu unaofanya kazi, kuongeza mwingine ni kazi ndogo kwa mwenye mashine. Ukipoteza wote, huenda boksi ikafunguliwa na kumbukumbu yake kuandikwa upya, na bei inapanda.

Sasa nirudi kwetu. Tukifika gereji Mwanjelwa, fundi akitumia saa nzima kufuata waya na kugundua kiunganishi kimelegea, tunamuuliza, "Kwani umebadilisha nini?" na tunampa ya soda. Yule aliyebadilisha pampu nzima tunamlipa bila kunung'unika, kwa sababu anatuonyesha ya zamani. Katika hali hiyo, fundi mwenye watoto atabadilisha.

Namfahamu fundi mmoja wa umeme pale Soweto ya hapa Mbeya anayetoza ada ya kupima kabla ya kugusa chochote, na anaikata kwenye bili ukimpa kazi. Baadhi ya wateja wanasema ni mwizi, analipisha kuangalia tu. Foleni yake ni fupi, na mimi ndiko ninakopeleka gari.